Gauni la Kijani na Ukungu wa Februari

Jumamosi ile kabla ya Pasaka, duka la pipi la Farsta, kitongoji cha Stockholm, lilikuwa limejaa wazazi na watoto, kila mmoja na mfuko wake wa karatasi, wanachota pipi utadhani kesho zinapigwa marufuku. Firmin alikuwa ameinamia sanduku la pipi nyeusi za likorisi, bado yumo kwenye suruali yake ya kazi yenye mifuko kila upande, aliposikia sauti nyuma yake ikisema kwa Kiswahili:

"Mimi huyo mwanaume simwamini. Anakunja taulo vizuri mno. Mtu asiye na siri hakunji taulo hivyo."

Kijiko cha kuchotea kilimponyoka kikagonga sakafu. Sauti ile aliijua. Kila Jumatatu ilimfikia kupitia kundi la simu la Waswahili wa Stockholm, lile ambalo mtu anauliza wapi atapata unga wa muhogo, mwingine anatangaza harusi, na mwingine anatuma maombi ya saa kumi na moja alfajiri bila kuombwa. Katikati ya hayo yote kulikuwa na Valerie, mwanamke aliyetazama filamu za televisheni za Jumapili jioni na kesho yake akatuma maoni yake kwa sauti. Firmin alikuwa fundi wa lifti. Aliyasikiliza maoni hayo akiwa kwenye chumba cha mashine juu kabisa ya jengo, anakula mkate wake, na tuseme tu ukweli, alikuwa ameipenda sauti muda mrefu kabla hajamwona mwenye sauti.

Akageuka. Mwenye sauti alikuwa mrefu kuliko alivyodhani, koti la rangi ya haradali, viatu vyekundu vya kisigino kifupi, miwani yenye fremu nene, nywele za kusuka zimefungwa juu ya kichwa. Simu sikioni, mfuko wa pipi mkononi.

"Ni wewe," Firmin alisema.

"Ni mimi nani?"

"Valerie wa maoni. Miye minakusikiaka kila Jumatatu, niko juu ya lifti."

Valerie alimtazama kuanzia buti mpaka kofia, kisha akarudi kwenye simu. "Bethuel, nitakupigia. Kuna mtu hapa anasema ananisikiza akiwa juu ya lifti." Bethuel alikuwa binamu yake, na ndiye msimamizi wa lile kundi. Akaiweka simu mfukoni. "Haya. Na wewe unasemaje kuhusu yule wa taulo?"

"Yule hana kosa. Muuaji ni dada yake."

"Wapi. Tubet, atakayeshindwa alipe."

"Tubet nini?"

"Kahawa."

Jumapili hiyo filamu ilipoisha, ikabainika kwamba muuaji alikuwa mleta barua, ambaye hakuna mtu aliyemfikiria. Wote wawili walikuwa wameshindwa, kwa hiyo kila mmoja akamnunulia mwenzake kahawa, na kahawa mbili haziwezi kunyweka kwa haraka. Walikaa kwenye mkahawa wa Slussen, katikati ya mji, mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza.

Yeye Firmin alikaa Norsborg, mwisho wa reli nyekundu. Yeye Valerie alikaa Farsta, kwenye reli ya kijani. Mapenzi yao yalipita katikati ya mji kila siku, na yaliyoshindwa kupita kwa treni yalipita kwa simu.

"Umekula, chérie wangu?"

"Usiniite chérie na mdomo umejaa. Wewe ndio umekula nini?"

"Mkate na siagi."

"Firmin, mkate si chakula. Kuja Farsta, nimepika githeri."

"Ile mahindi yenu yenye inagombana na maharage?"

"Unaicheka?"

"Ninacheka nikiwa njiani. Niko kituo cha Liljeholmen tayari."

Valerie alikuja Uswidi kusoma na sasa alikuwa mpima macho kwenye duka la miwani mjini. Firmin alitoka Uvira akiwa kijana, na aliyemlea ni shangazi yake Dorothée, fundi cherehani wa Fisksätra, mwanamke mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni hata anapokwenda kanisani. Baridi ilipoingia, Firmin alikuwa na ufunguo wa nyumba ya Valerie, na Valerie alikuwa na droo yake Norsborg. Kabla mwaka haujatimia Firmin alipanda treni ya Saltsjöbanan hadi kwa shangazi na kumwambia kwamba anataka kuoa.

Dorothée hakushangaa. Alizima cherehani, akavua miwani.

"Mwanaume wa kwetu haendi kupiga hodi kwa wakwe mikono mitupu," alisema. "Tunamvalisha mtoto wa watu kutoka kichwa mpaka mguu. Robe, foulard ya kichwa, viatu, byote. Uniletee robe yake moja nikamate vipimo. Na kiatu kimoja."

"Nitamwomba."

"Umwombe nini? Asijue kitu. Cadeau, zawadi yenye alishajua, si cadeau tena, ni mzigo."

Hapo ndipo penye kosa la hadithi hii, na lilifanywa na watu wawili wenye mapenzi tele. Firmin alimsikiliza shangazi. Jumatano, Valerie akiwa kazini, aliingia kwake Farsta, akafungua kabati, akatoa gauni la kijani, lile la mikono mirefu lenye vifungo mgongoni alilolivaa Valerie siku alipoletwa kanisani kwa mara ya kwanza. Alilikunja, akaliweka kwenye mfuko wa vifaa kati ya nyundo na taa, akaenda nalo Fisksätra. Alipanga kulirudisha kesho yake. Lakini Dorothée alikuwa na magauni ya harusi ya watu wengine mezani, na kesho ikawa keshokutwa.

Ijumaa simu ikalia.

"Babe, umeona ile dress yangu ya green?"

Gauni lilikuwa mbele yake. Limetandazwa juu ya meza ya shangazi, limechorwa chaki, pini zimepigwa kiunoni. Dorothée alikuwa ameinua kidole na anakitikisa: usiseme.

"Ya kijani?" Firmin aliuliza, akitafuta muda.

"Kwani niko na ngapi?"

"Labda uliisahau kule chini, kwa chumba cha kufulia." Na kwa kuwa alitaka jambo lile liishe kwa utani, akaongeza, "Wewe na kusahau, chérie."

Upande wa pili mlango wa kabati ulifungwa.

"Mimi na kusahau," Valerie akasema taratibu. "Sawa. Wacha nishuke niangalie."

Alishuka. Kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao hakukuwa na gauni, kwa hiyo Valerie alifanya wanachofanya wenyeji wa mji huu wakikosa soksi: aliandika karatasi na kuibandika mlangoni. Aliyefua baada yangu Jumatatu, tafadhali rudisha gauni la kijani. Aliyefua baada yake Jumatatu alikuwa bibi Alma wa ghorofa ya pili, mjane mwenye paka, mtu ambaye hajawahi kuchelewa kulipa hata tikiti ya basi. Alma aliisoma karatasi ile mara moja, na toka hapo hakujibu tena salamu kwenye ngazi.

Jumatatu iliyofuata Firmin alilirudisha gauni, akalisukuma nyuma kabisa ya kabati, chini ya koti la baridi. Valerie alilikuta jioni ile. Alibandua karatasi yake, akanunua keki ya mdalasini, akaenda kumwomba Alma radhi. Alma aliipokea keki. Radhi hakuipokea yote.

"Umesikia aibu yangu?" Valerie alimwambia Firmin kwenye simu. "Nguo ilikuwa kwa kabati. Nimemfanya mama wa watu mwizi."

Firmin akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Valerie naye akacheka, lakini kicheko chake kiliisha mapema. Na Firmin, badala ya kuacha hapo, wiki hiyohiyo alichukua kiatu kimoja chekundu, akakirudisha siku ya pili upande usio wake wa kabati la viatu.

Wakati huo mji mzima ulikuwa unasubiri filamu mpya ya televisheni, sehemu mbili, Jumapili mbili. Iliitwa Ukungu wa Februari. Matangazo yake yalibandikwa kwenye kila kituo cha treni: mwanamke wa kizungu kasimama dirishani, nyuma yake mumewe anatabasamu. Kundi la simu lilikuwa limeshaanza kubishana kabla hata halijaona lolote. Siku ya kwanza ilipofika, Valerie alipika chapati, akavaa lile dera lake la maua na soksi za sufu, akajilaza kwenye kochi na miguu yake juu ya mapaja ya Firmin.

Ilikuwa filamu ya kutisha bila damu. Mume ni daktari, mpole, anavaa sweta nzuri. Mke anaweka funguo mezani, zinakutwa kwenye friji. Anavua hereni za lulu, zinapotea, baada ya siku mbili ziko palepale alipoziweka. Kila akiuliza, mume anamshika bega. Ikafika jioni moja mke amepekua nyumba nzima akitafuta koti lake, nywele zimemtimka, na mume akaja nyuma yake, akambusu shingoni, akasema kwa Kiswidi laini kabisa: "Umesahau, mpenzi. Wewe na kusahau kwako."

Valerie aliondoa miguu yake mapajani mwa Firmin.

Aliikunja miguu chini ya dera lake na kuendelea kutazama. Firmin alihisi masikio yanamwaka moto. Majina ya waigizaji yalipoanza kupita, alijaribu:

"Wamecheza vizuri."

"Unaona vile anaongea polepole?" Valerie alisema. "Hapigi kelele hata mara moja."

"Ni filamu tu, chérie."

"Najua ni filamu." Akainuka, akakusanya sahani. "Leo rudi Norsborg. Kesho nina wateja wa mapema."

Jumatatu asubuhi Firmin alikuwa juu ya lifti ya jengo moja Södermalm, simu mfukoni, kisikilizio kimoja sikioni, na maoni ya watazamaji yalikuwa yanamiminika. Olive, Mkongo wa Märsta, alikuwa wa kwanza: "Miye nilijua tangu alivaa ile sweta. Sweta ya vile haivaliwi na mtu mzuri." Malik wa Tanga akasema filamu nzima hakuna aliyekula mlo wa maana, na mtu asiyekula lazima apoteze funguo. Bethuel akasema jiko lile ni kubwa kuliko nyumba yake yote, na yeye akipewa jiko kama lile yuko tayari kuwehushwa taratibu. Wengi walimlaumu mke. Mjinga, walisema. Mbona haoni? Mbona hakimbii?

Kisha ikaja sauti ya Valerie, na haikuwa ile ya kila Jumatatu.

"Hamjambo. Nimesoma maoni yenu. Mnasema huyu mama ni mjinga. Na mimi nilikuwa nimepanga kuwachekesha leo. Lakini wacha niseme kitu. Kabla nikuje Stockholm, nilikaa Uppsala na mtu miaka kadhaa. Hakuwahi kunigusa kwa ubaya. Alikuwa anahamisha vitu, halafu ananiambia nimesahau. Ilifika mahali nilikuwa napiga picha jiko kabla nitoke, nijue kama kweli nimelizima. Mimi, mtu ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu wanaona nini na hawaoni nini. Kwa hiyo yule mama si mjinga. Yule mama anapenda mtu, na mtu huyo anamwibia macho. Nilijiambia sitarudi hapo tena. Lakini mwezi huu nguo yangu imepotea ikarudi. Kiatu kimepotea kikarudi. Na kuna mtu ameniambia, wewe na kusahau. Leo nabadilisha kufuli. Hayo ndiyo maoni yangu ya sehemu ya kwanza."

Firmin alikaa chini juu ya paa la lifti. Mambo ya Uppsala alikuwa akiyajua nusunusu tu. Valerie alikuwa amemwambia ni mtu aliyemchosha, basi. Sasa alikuwa ameyasikia pamoja na Waswahili wote wa Stockholm, na yeye ndiye daktari wa sweta.

Kundi lililipuka. Mwache. Mshtaki. Nani huyo, tumjue. Olive akasema: "Kama ni yule fundi wa lifti, miye nilishamwona anakunja leso." Malik akasema tusihukumu kabla ya sehemu ya pili. Mtu wa Tumba ambaye hawamjui kabisa akapendekeza siku tatu za kufunga na kuomba.

Firmin alipiga simu mara nyingi. Jioni Valerie akapokea.

"Sema."

"Chérie, haiko vile unafikiri. Nakuomba. Uniamini tu, mwisho wa mwezi utaelewa yote."

"Unajua hayo maneno nimeyasikia wapi? Jana kwa TV. Neno kwa neno." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Firmin zaidi. "Firmin, nakuuliza kitu kimoja. Dress yangu. Niliisahau, ama sikuisahau?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu lilitosha. Lakini Firmin alimwona shangazi yake akiwa ameinama usiku na mchana juu ya kitenge cha zambarau na dhahabu, akaona viatu ndani ya sanduku, foulard imepigwa pasi, ndugu wamealikwa, na akadhani bado anaweza kuokoa vyote viwili.

"Ni jambo la kueleza pole pole," akasema.

"Ni jambo la ndiyo ama la," Valerie akasema, na simu ikakatika.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Firmin alipima nyaya, alitia grisi, alipanda na kushuka, na kila alipofika juu ya jengo alikula mkate wake bila kusikiliza kitu. Jumapili aliitazama sehemu ya pili peke yake Norsborg. Mwishoni mke alizikuta hereni, funguo na koti kwenye sanduku moja chini ya ngazi, na mume, alipoona amekamatwa, alifungua mikono yake na kusema kwamba yote aliyafanya kwa ajili ya mapenzi. Kwenye kundi watu walicheka mpaka wakachoka. Firmin alizima televisheni, akatazama kioo cheusi kwa muda, kisha akampigia shangazi yake.

"Tantine, nitamwambia."

"Robe imebaki vifungo tu. Utaharibu cadeau."

"Cadeau ilishaharibika. Ule mama jirani hamsalimie tena juu yangu. Na Valerie aliniuliza kwa heshima kama alisahau, na miye nikanyamaza. Ananiogopa sasa, Tantine. Sitaki mwanamke wa kuniogopa aje avae nguo yetu."

Dorothée aliweka sindano chini. Alikuwa mtu wa kushikilia mambo ya kwao, lakini hakuwa mtu wa mawe.

"Basi umwambie vizuri," akasema hatimaye. "Na useme nani alikutuma. Haukuwa peke yako."

Jumatatu watu walisubiri maoni ya Valerie. Saa ya kawaida ikapita. Badala yake, kwenye kundi ikatokea sauti ya mwanaume, nyuma yake mashine ya lifti inanguruma.

"Hamjambo, bandugu. Kwa majina niko Firmin. Sijawahi kutoa maoni hapa. Ninyi wote munasema ule daktari kosa yake ni kuhamisha vitu. Miye nasema hapana. Vitu vinahamaka. Kosa yake ni ile siku mke aliuliza, na yeye akamwambia umesahau. Ile neno nililisema miye pia. Nilichukua robe ya Valerie na kiatu yake, nikapeleka kwa shangazi yangu apime, juu tulikuwa tunamshonea nguo ya kupigia hodi kwao. Mutasema basi ni kitu kizuri. Hapana. Aliniuliza robe iko wapi, na ilikuwa mbele ya macho yangu, na nikamwambia amesahau. Akaenda kumwona jirani yake mwizi juu ya uongo wangu. Kwa hiyo nataka batu bote basikie: Valerie hakusahau kitu. Valerie hasahauke. Alichoona, alikiona. Sikuombi unifungulie mulango, Valerie. Nakurudishia tu macho yako. Kwa Madame Alma nitaenda miye mwenyewe. Ni hayo tu."

Kundi ambalo huwa halinyamazi lilinyamaza. Ilichukua muda mpaka Bethuel akaandika kwamba leo hataruhusu mtu yeyote kutuma maombi wala tangazo la unga.

Jioni hiyohiyo Firmin alipanda ngazi za jengo la Valerie, akapita mlango wenye kufuli jipya bila kugonga, akaendelea hadi ghorofa ya pili. Alisimama mbele ya Alma na paka wake, akaeleza kwa Kiswidi chake cha kazini, kilichozoea kueleza kwa nini lifti haipandi, kwamba gauni alilichukua yeye. Alma alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kama ndiye aliyetengeneza lifti yao wakati wa Krismasi. Firmin akasema ndiye. Alma akasema bado inapiga kelele kwenye ghorofa ya tatu, na akafunga mlango, lakini kwa upole.

Valerie hakupiga simu siku ile, wala siku ya pili.

Siku ya tatu Firmin alikuwa Fisksätra, amekaa kwenye kibao cha jikoni, anamsaidia shangazi kukusanya vitu vya kurudisha dukani, kengele ya mlango ilipolia. Dorothée ndiye aliyefungua. Firmin alisikia visigino vifupi kwenye korido kabla hajaona viatu vyekundu.

Valerie alikuwa na koti lake la haradali, theluji imeyeyuka mabegani. Alimsalimia Dorothée kwa mikono miwili, akamwita mama. Kisha akamgeukia Firmin.

"Alma ameniambia umemwona."

"Ndiyo."

"Amesema Kiswidi chako ni kibaya lakini umeongea kweli." Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mimi pia ningekuuliza kwanza, kabla niseme mbele ya watu wote. Hilo ni kosa langu."

"Uliniuliza. Miye ndiye sikujibu."

Valerie alifungua vifungo vya koti. "Ndiyo," akasema. "Nilikuuliza." Na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya chapati. "Haya, hiyo nguo iko wapi? Nimetoka Farsta mpaka huku, nimebadilisha treni mara mbili. Siendi bila kuiona."

Dorothée alitaka kusema jambo kuhusu cadeau, akaliacha. Aliingia chumbani akatoka na gauni limelala juu ya mikono yake yote miwili: zambarau na dhahabu, mabega yamesimama, pindo limezungushwa nakshi, vifungo vidogo vimefunikwa kitambaa kilekile. Valerie aliligusa mkono. Akaingia nalo chumbani. Walimsikia anahangaika. Kisha wakasikia kicheko, kile kirefu, kile cha kila Jumatatu.

"Mama, njoo uone."

Alitoka kashika gauni mgongoni kwa mkono. Mbele lilikuwa zuri kuliko chochote Firmin alichowahi kuona. Nyuma vifungo na vitundu vyake vilikuwa vimetengana upana wa kiganja.

"Lakini nilipima vizuri," Dorothée alisema, tepu mkononi, ameumizwa katika ufundi wake. "Kwa ile robe ya kijani, kama ilivyo."

"Ile green hainitoshi tangu msimu wa joto. Hizi githeri na chapati za kumpikia mtu fulani." Valerie alimnyooshea Firmin kidole. "Nilikuwa naitafuta niipeleke kwa fundi aipanue. Ungeniuliza tu, ningekuambia usiichukue hiyo."

Dorothée alikuwa wa kwanza kucheka, akajishikiza mezani. Akamsimamisha Valerie katikati ya chumba, akamwinua mikono, akaanza kumpima upya, safari hii mtu mwenyewe. Firmin alipewa kazi ya kushika pini. Alisimama nyuma ya Valerie na kikopo mkononi, karibu kabisa, akinusa mafuta ya nazi kwenye nywele zake, na moyo wake ulimwambia hapatapatikana mahali pazuri zaidi ya hapa.

"Valerie."

"Mm."

"Kuna kitu kimoja bado nataka kukihamisha kutoka kwa nyumba yako. Sasa nauliza mbele."

"Kitu gani?"

"Wewe. Ukuje tukae pamoja. Kwa ndoa, kwa kanisa, kwa hodi ya bazee, byote. Ukisema hapana, sitauliza kwa nini."

Tepu ya Dorothée ilisimama kiunoni. Valerie hakugeuka, kwa sababu alikuwa amezungukwa na pini.

"Umeuliza," alisema polepole. "Umeniuliza mimi, na mimi niko hapa, na nasikia vizuri." Akapitisha mkono wake nyuma, akapapasa mpaka akaupata mkono wa Firmin, kikopo na yote. "Ndiyo. Nihamishe."

"Kweli?"

"Kweli. Lakini viatu vyangu nitabeba mwenyewe."